Sifa na Kimya: Nyimbo za Malawi na Rai ya Watu Tangu Uhuru

Atakaye kujua rai ya watu juu ya serikali yao huuliza kwanza habari za kura, na kisha habari za magazeti. Kwa nchi ya Malawi maswali haya mawili hayafiki mbali. Tangu uchaguzi wa Agosti 1961, ambao Malawi Congress Party kilitwaa ndani yake viti vyote 20 vya daftari la chini, yaani lile la wapiga kura wengi wa Kiafrika, hadi kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993, raia wa nchi hiyo hakupewa hata mara moja karatasi ya kura ambayo ingaliweza kuiondoa serikali. Magazeti nayo yalikuwa machache, na yote yalitazama upande mmoja. Walakini watu hawa ambao hawakuulizwa hawakukaa kimya; waliimba. Waliimba uwanjani na redioni, penye kinu na penye matanga, na nyimbo zilizosikika hadharani kwa muda wa miaka ile karibu zote zilikuwa za kumsifu mtu mmoja. Hapo ndipo mhakiki wa fasihi anapokabidhiwa kazi iliyomshinda mhesabu kura. Je, sifa hizo zilikuwa rai ya watu, au zilikuwa kodi nyingine tu, iliyolipwa kwa sauti badala ya fedha?

Wasomaji wa nyimbo hizi aghalabu hugawanyika. Wako wasemao kwamba wanawake waliocheza mbele ya Daktari Hastings Kamuzu Banda walishurutishwa, na maneno ya kushurutishwa si fasihi wala si ushahidi wa jambo lolote isipokuwa hofu. Wako pia, na hasa tangu miaka ya 2000, wanaozikumbuka nyimbo zile kwa huzuni tamu, wakasema kwamba watu walimpenda mzee wao na kwamba sifa zilitoka moyoni. Makundi haya yanapingana kwa ukali, lakini yamesimama juu ya dhana moja: kwamba jambo la kuulizwa juu ya wimbo wa sifa ni kama mwimbaji alikuwa mkweli. Nia ya mwimbaji haipimiki, na katika fasihi ya kusini mwa Afrika haikuwa hata kipimo cha wenyewe. Lipasalo kuulizwa ni utungo wenyewe ulikuwa na haki gani, na haki hiyo ilikwenda wapi.

Juu ya haki hiyo kitabu cha Leroy Vail na Landeg White kiitwacho Power and the Praise Poem, kilichotolewa mwaka 1991, kimesema jambo ambalo halijapitwa. Waandishi hao, ambao wote wawili walipata kufundisha katika Malawi, wanaonyesha kwamba katika nchi za kusini ruhusa ya kusema lililo chungu haikuwa ya mtu bali ya utungo. Mke anayetwanga aweza kumsema mume aliyekwenda migodini akasahau kwao. Aweza kumsema mama mkwe aliyeketi hatua tatu kutoka kinuni. Wala hapana awezaye kumshtaki maadamu ameyasema kwa mpigo wa mchi. Akiyasema maneno yale yale bila ya wimbo, pana ugomvi. Kadhalika katika ngoma ya Gule Wamkulu ya Wachewa, kinyago hakiulizwi adabu: kilimcheza mzungu, kikamcheza mmisionari, kikamcheza mwenyeji mwenye makuu. Msomaji wa pwani hana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili. Ajua kanga isemavyo kwa jirani neno ambalo mvaaji wake hangelitamka, na ajua kwamba mwenye kuudhika na kanga ndiye atakayeonekana mjinga.

Sifa katika mila hiyo ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni lawama, na mtungaji mmoja huzitoa zote mbili katika ngoma moja. Mkuu asifiwaye kwa ukarimu anakumbushwa papo hapo ugumu wa mkono wake wa mwaka jana. Sifa isiyo na mwenzake ni utungo uliovunjika, hata ukiimbwa kwa ufundi mkubwa. Basi swali la nyimbo za Malawi laweza kuwekwa upya: ile nusu ya pili ilikatwa lini, na ilikimbilia wapi?

Kabla ya uhuru ilikuwapo. Kwa kweli historia ya rai ya watu katika Nyasaland yaanza na lawama iliyozuiwa. Mwezi wa Novemba 1914 Mchungaji John Chilembwe, wa misheni ya Providence Industrial Mission katika Chiradzulu, aliliandikia gazeti la Nyasaland Times barua ya kuuliza kwa nini Waafrika wafe katika vita visivyowahusu, ilhali wakati wa amani faida zote ni za wengine. Mkaguzi wa serikali akaizuia barua isienee. Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wake walilishambulia shamba la Magomero, mahali ambapo wapangaji walilipa kodi ya ardhi kwa jasho katika kazi iliyoitwa thangata, na meneja wa shamba akauawa. Tarehe 3 Februari Chilembwe alipigwa risasi akafa. Si vigumu kuona uhusiano kati ya barua iliyozimwa na shoka lililonolewa, ijapokuwa haifai kusema kwamba la kwanza peke yake ndilo lililozaa la pili.

Baada ya hapo watawala walijifunza kuuliza, lakini hawakujifunza kusikia. Tume ya Bledisloe ilipopita mwaka 1938 kuuliza juu ya kuunganishwa na Rhodesia, wenyeji wa Nyasaland walisema hawataki. Nyasaland African Congress iliundwa mwaka 1944, ikasema hivyo hivyo. Shirikisho likaundwa mwaka 1953 juu ya vichwa vyao. Tarehe 6 Julai 1958 Daktari Banda alirudi nchini baada ya miaka mingi ya ng'ambo, na tarehe 3 Machi 1959 serikali ikatangaza hali ya hatari, ikamkamata yeye na mamia ya wenzake. Watu 20 waliuawa Nkhata Bay siku hiyo hiyo, na waliokufa katika fujo zote wakafika 51. Tume ya Jaji Devlin, iliyotumwa kutoka Uingereza, iliandika katika taarifa yake ya Julai 1959 kwamba upinzani dhidi ya Shirikisho ulikuwa na mizizi mirefu na karibu ulikuwa wa watu wote. Ikaongeza kwamba Nyasaland kwa wakati ule ilikuwa nchi ya utawala wa polisi. Pengine hiyo ndiyo mara ya kwanza rai ya watu wa nchi ile kuandikwa kwa ukweli katika karatasi ya serikali, na serikali ya London haikuipenda.

Katika miaka hiyo wimbo ulikuwa mzima, una nusu zake zote mbili. Bibi Rose Chibambo aliiongoza jumuiya ya wanawake wa Congress, na wanawake hao walipokusanyika walimsifu kiongozi wao na kumtukana gavana katika pumzi moja. Yeye mwenyewe alitiwa gerezani Zomba mwezi wa Machi 1959 akiwa na mtoto mchanga. Neno la mapambano lilikuwa "kwacha", yaani kumekucha. Na Mswahili alisikiapo huona mara moja shina lile lile la kucha katika lugha yake mwenyewe. Wimbo wa kwacha ulisifu asubuhi kwa kuulaani usiku. Ulikuwa na kitu cha kulaani.

Uhuru ukaja tarehe 6 Julai 1964, na wiki chache baadaye pakazuka shauri ambalo historia huliita mgogoro wa mawaziri. Wengi huuandika kama ugomvi wa wakubwa juu ya China na Ureno na kasi ya kuwapa wenyeji kazi za serikali. Yote hayo yalikuwamo. Nchi isiyo na pwani, ambayo reli yake ilishuka baharini katika ardhi iliyotawaliwa na Wareno, ilikuwa na sababu ya kumwogopa Mreno kuliko ilivyokuwa nayo Tanganyika. Na mtu awezaye kumlaumu Banda kwa mengi humwona hapo alikuwa akihesabu njia za reli. Lakini palikuwa pia na peni tatu. Serikali iliamua kwamba mgonjwa wa nje atozwe peni tatu hospitalini, na mawaziri wakapinga. Peni tatu ni kitu kidogo kwa daktari na kikubwa kwa mwanamke atokaye shambani na mtoto mwenye homa. Kwa mhakiki hilo ndilo jambo zito kupita China na Ureno, kwa kuwa ndipo mahali pekee katika mgogoro ule ambapo lawama ya mawaziri na lawama ya penye kinu zilikuwa lawama moja. Mawaziri watatu walifukuzwa tarehe 7 Septemba 1964, na Bibi Chibambo pamoja nao, wengine wakajiuzulu. Tangu siku hiyo kulaumu kukawa sawa na uhaini.

Mmoja wa wale watatu alikuwa Bwana Kanyama Chiume, na fasihi ya Kiswahili inamdai heshima ambayo haijamlipa vya kutosha. Alisoma Tanganyika tangu utoto, akarudi huko mkimbizi, akafanya kazi ya uandishi wa habari Dar es Salaam, na vitabu vyake vya Dunia Ngumu na Mbutolwe, Mwana wa Umma vimo katika hadithi za Kiswahili cha miaka ile. Maisha yake aliyaandika kwa Kiingereza katika kitabu alichokiita Kwacha, kilichotolewa Nairobi mwaka 1975. Ni kitabu chenye nguvu na chenye upungufu mmoja: watu wa kijijini wanapita ndani yake wakiwa umati wa kushangilia, na sauti zao mmoja mmoja hazisikiki. Mtu aliyeondolewa nchini kwa kusema kwa niaba ya watu ameandika kitabu ambacho watu hao hawana zamu ya kusema. Jambo hili halimwondolei ushujaa wake. Laonyesha tu kwamba hata upande ulioshindwa ulikwisha zoea kuuchukulia wimbo kuwa ni makofi.

Sasa itazamwe ngoma yenyewe ya mbumba. Katika mila ya Wachewa, ambao hufuata ukoo wa mama, mbumba ni dada na watoto wa dada walio chini ya uangalizi wa kaka au mjomba. Nkhoswe ni mdhamini wa ndoa, mtu ambaye mke huenda kwake akiwa na shida. Kazi ya nkhoswe kwa asili yake ni kusikiliza mashtaka. Daktari Banda alijiita Nkhoswe wa kwanza wa taifa, na wanawake wote wa Malawi akawaita mbumba wake. Lilikuwa jina lenye akili nyingi, kwa kuwa lilimpa mamlaka yaliyokaa nyumbani kabla ya kukaa ofisini. Lakini alichukua cheo akaacha kazi. Wanawake waliitwa viwanjani, wakiwa wamevaa vitambaa vyenye picha yake, wakacheza na kuimba naye akipunga mgwisho wake katikati yao. Wala hapakuwa na saa katika ngoma hiyo ambayo mwana mbumba angeweza kuleta shauri lake. Huyu alikuwa mdhamini asiyeshtakiwa chochote. Upungufu wa nyimbo zile ndio huo, na hauhusu kama wanawake walimpenda au hawakumpenda. Yamkini wengi walimpenda. Kiongozi aliyewatoa wanawake jikoni akawaweka mbele ya majemadari aweza kupendwa kwa haki, na anayewaita wote mateka wa hofu huwanyima akili kwa mara ya pili. Lakini upendo usioruhusiwa kunung'unika hauwezi kusomwa kama rai, kwa kuwa haukuwa na njia ya kusema kinyume.

Ile nusu iliyokatwa ilikimbilia kwa washairi wachache wa chuo kikuu. Sheria ya ukaguzi ya mwaka 1968 ilifunga milango ya vitabu na michezo, na kundi la waandishi la Chuo cha Chancellor, lililoanza mwaka 1970, likajifunza kusema kwa mafumbo yaliyochukuliwa katika ngano. Jack Mapanje alitoa diwani yake ya kwanza, Of Chameleons and Gods, mwaka 1981. Kinyonga wa jina hilo ni yule mjumbe wa hadithi za Kibantu anayetembea polepole mno na ujumbe wa uzima. Ni pia yule abadilishaye rangi apate kuishi, na shairi la Mapanje laishi kwa maana zote mbili. Steve Chimombo naye alimchukua Napolo, joka la chini ya ardhi ambalo watu husema ndilo liletalo maporomoko na mafuriko kama yale ya Zomba ya mwaka 1946, akamfanya kuwa jina la kila balaa lisilotajika. Washairi hawa wamesifiwa duniani na wanastahili. Hata hivyo yapasa kusemwa kwamba walitunga kwa Kiingereza, na kwamba fumbo lao mara nyingi lilifungwa kwa kufuli ambayo funguo zake zilikuwa kwa wasomaji wachache wa Zomba na kwa makachero. Mwanamke wa kinuni alikuwa fundi wa fumbo kabla yao, lakini fumbo lake lilieleweka na kila aliyekuwapo uani. Hapo ndipo lilipopata makali. Hilo halikumzuia Mapanje kulipa. Alikamatwa mwezi wa Septemba 1987 akawekwa gerezani Mikuyu hadi Mei 1991 bila ya kushtakiwa, na serikali isiyoweza kueleza kosa la shairi ilionyesha kwamba imelielewa vizuri.

Kwa hiyo lawama iliporudi kwa watu wengi haikurudi kwa njia ya shairi. Tarehe 8 Machi 1992, siku ya Jumapili katika Kwaresima, waraka wa maaskofu wa Kikatoliki ulisomwa makanisani nchini kote, na haukusomwa kwa Kiingereza tu bali pia kwa lugha za waumini. Ulisema juu ya umaskini, shule, hospitali, hofu na kufungwa midomo. Ukiuchambua kwa kanuni za ufasaha ni maandishi makavu, ya aya moja kufuata nyingine. Lakini ulikuwa na kile kilichokosekana katika ngoma ya uwanjani, yaani ruhusa ya utungo. Waraka wa askofu, kama wimbo wa mchi, una haki ya kuonya. Waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi walizisikia peni tatu zao zikitajwa tena baada ya karibu miaka 28.

Mwaka uliofuata ikaja kura ya maoni, na alama zake zinastahili kusomwa kama shairi. Chama kimoja kilipewa jogoo mweusi. Vyama vingi vilipewa taa ya mafuta. Jogoo ndiye mtangazaji wa kucha: ndiye mwana wa ile kwacha ya 1959. Taa ni chombo cha mtu ambaye kwake bado ni usiku. Mpiga kura aliyechagua taa alikuwa akisema, bila ya kutumia neno hata moja, kwamba jogoo amewika lakini hakujakucha. Karibu theluthi mbili ya kura zilikwenda kwa taa, ingawa mkoa wa kati ulibaki na jogoo wake. Waliokuwa wakiimba sifa mwaka mmoja nyuma bila shaka walikuwamo katika hesabu hiyo. Je, walikuwa wanafiki? Kwa kipimo cha ukweli wa nia, naam. Kwa kipimo cha utungo, walikuwa wamepewa kwa mara ya kwanza chombo chenye pande mbili.

Yaliyofuata yaweza kupitiwa kwa haraka zaidi. Tarehe 17 Mei 1994 Bakili Muluzi alishinda kwa asilimia 47, na Banda, mzee mno na mgonjwa, bado alipata asilimia 33. Mwanamuziki Lucius Banda, aliyepata jina kwa kuimba makovu ya utawala uliopita, aliingia bungeni mwaka 2004 kwa chama cha Muluzi. Wimbo wake wa lawama ukakutana na shida ile ile ya zamani, ya kusema nini wenzako wakiwa serikalini. Wanawake waliendelea kucheza mbele ya wakubwa, ila rangi ya kitambaa ilibadilika, njano ikaja na buluu ikaja. Mwaka 2010 Rais Bingu wa Mutharika aliondoa katika bendera jua lichomozalo akaweka jua kamili, kama kusema kwamba asubuhi imekwisha na mchana umefika. Watu wengi hawakukubali, na jua lichomozalo likarudishwa mwaka 2012. Lugha ya kucha haikuwa ya chama tu, na mtawala aliyeihariri bila ya kuwauliza wenyewe alikuwa mhariri mbaya. Tarehe 3 Februari 2020, ambayo kwa nasibu ni siku aliyouawa Chilembwe, mahakama ilifuta uchaguzi wa urais wa mwaka uliotangulia kwa ajili ya karatasi zilizobadilishwa kwa wino wa kufutia. Kura zikapigwa tena mwezi wa Juni, akashinda Lazarus Chakwera wa chama kile kile cha jogoo. Mwezi wa Septemba 2025 wapiga kura wakamwondoa yeye naye, wakamrudisha Peter Mutharika waliyemkataa mwaka 2020.

Yuko atakayesema kwamba mwenendo huu ni kigeugeu. Mhakiki hana budi kuuona vingine: nusu mbili za wimbo zinasikika sasa katika sanduku la kura, lakini uwanjani bado inaimbwa moja. Nyimbo za mbumba zingali zinakumbukwa na wanawake waliozicheza wakiwa wasichana, na kumbukumbu zao zapasa kukusanywa pamoja na nyimbo za kinuni za wanawake hao hao, kwa kuwa aliyeimba sifa Jumamosi ndiye aliyetwanga Jumatatu. Wakusanyaji wengi wamekuwa wakichukua moja na kuiacha nyingine.

Katika noti zilizotolewa mwaka 2012, sura ya Daktari Banda iko kwenye kwacha 1000. Sura ya Bibi Rose Chibambo, aliyemfukuza kazi mwaka 1964, ambaye aliishi ukimbizini karibu miaka 30, iko kwenye kwacha 200. Muuza samaki wa Nkhata Bay amezifunga zote mbili katika pindo moja la kitambaa.